Simama Nikupime

Hotpoti ilikuwa kisingizio tu. Ilikuwa imekaa jikoni kwa Karani wiki tatu nzima, imeoshwa na kufunikwa, na angeweza kuirudisha Jumapili mchana kama watu wengine. Lakini jioni ile, alipotoka zahanati alikoandika kadi za wagonjwa kwa miaka kumi na tisa, alipita nyumbani kuichukua, akaitia kwapani na kushika njia ya kwa mdogo wake. Jua lilikuwa linazama. Na mdogo wake alikwishamwambia, tena si mara moja: "Dada, kwangu usije magharibi. Njoo mchana, au subiri nikuite."

Ndiyo maana alikwenda magharibi.

Mdogo wake huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Walizaliwa wawili tu. Karani ndiye aliyekaa miguuni pa mama tangu utotoni, akajifunza kutunga uzi, kudarizi, kukunja pindo lisionekane. Kitinda alikuwa akijichoma sindano, analia, anakimbilia nje kucheza. Mtaa mzima ulijua: mwenye mkono ni mkubwa.

Mama alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, akasema cherehani yake apewe Kitinda.

"Mwenye kujua hahitaji chombo," alisema. "Asiyejua ndiye apewe, huenda akajua."

Watu waliokuwapo wakacheka kwa mapenzi. Karani naye akacheka. Kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, miaka miwili, hakitoki wala hakishuki.

Kisha wakaja wale wanasesere.

Kitinda alianza kuwashona kama miezi minane nyuma, kwa vibaki vya vitambaa, jioni mumewe akiwa safarini. Mumewe alikuwa fundi bomba, leo yuko huku, kesho kule. Hakuwauza. Alisema anashona kupoteza mawazo. Lakini mtu akiwashika alinyamaza. Kulikuwa na mzee wa kitambaa aliyevimba shavu moja, ukimtazama jino linakuuma wewe. Kulikuwa na mwanamke aliyeinamisha kichwa kama anayesikiliza umbeya mlangoni. Shangazi yao alimpakata yule mzee siku moja akatokwa na machozi.

"Mkono wa mama yenu haukufa," alisema. "Umehamia kwa huyu."

Karani alikuwa ameketi palepale. Siku hiyohiyo alikuwa amemletea Shangazi foronya aliyoidarizi mawaridi, kazi ya jioni arobaini. Shangazi alikuwa ameshaifutia chai iliyomwagika.

Tangu hapo wivu ukafanya kiota kifuani mwake. Akawa anapita kwa Kitinda kuchungulia uzi gani anaotumia, pamba gani anayojazia. Hakuona kitu. Alichokiona ni kwamba mdogo wake anakonda. Mashavu yaliingia ndani, blauzi zikaning'inia mabegani kama zimetundikwa. Karani aliona, akauliza kama anakula, akaambiwa anakula. Na kuna pembe moja ya moyo wake, pembe ambayo asingemwonyesha mtu, iliyosema: afadhali.

Basi jioni ile akafika. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Taa hazijawashwa.

"Hodi..."

Hakuna aliyeitika. Ila kutoka chumba cha nyuma ulisikika mlio wa cherehani.

Krr... krr... krr...

Akaingia kwa kunyata. Ukumbini alikutana na harufu iliyomsimamisha: mafuta ya mashine na sabuni ya kufulia. Harufu ya mama. Na chini yake harufu nyingine, ya nguo iliyokunjwa ingali mbichi, ikasahauliwa sandukuni.

Chumba kile kilikuwa na pazia badala ya mlango. Karani akatia jicho ukingoni.

Kitinda alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa shimizi, mikono ameitanua, macho ameyafumba. Machozi yalikuwa yakimshuka. Mbele yake, mgongo kwa Karani, aliinama mwanamke mzee mwenye nywele za mvi zilizosukwa nyuma mstari mmoja. Alikuwa akizungusha futi ya kupimia kiunoni mwa Kitinda.

Karani aliujua mgongo ule. Aliuosha kwa mikono yake mwenyewe, siku waliyomwandaa kuzikwa.

"Simama vizuri nikupime," sauti ikasema. Taratibu. Kama mtu anayembembeleza mtoto. "Lo... Umepungua tena, mwanangu. Itabidi gauni nilitie ndani, nilibane."

Juu ya meza, chini ya sindano, lilikuwapo gauni jeupe. Jembamba. Mikono yake bado haijashonwa.

Na cherehani, ambayo hakuna aliyeigusa, haikunyamaza.

Krr... krr... krr...

Mtu mwingine angepiga ukelele. Lakini kilichomjia Karani kwanza hakikuwa hofu. Alisimama pale, hotpoti kaikumbatia kifuani, akimtazama mama aliyekufa akimshonea gauni binti mmoja. Ndani yake kitu kikasema kwa uchungu:

Amekwenda kwake.

Hata baada ya kufa, amekwenda kwake.

Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akatoka. Alifika nyumbani hotpoti ingali kwapani.

Kesho yake, saa sita mchana, Kitinda aliingia zahanati akishikilia ukuta. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akataja namba, na Karani ndiye aliyeiandika kwenye kadi. Kilo thelathini na tisa. Daktari akaamuru alazwe na kutundikiwa maji.

Karani alingoja muuguzi aondoke. Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu lini nini, dada?"

"Usinichezee. Jana nilikuja. Nimemwona mama."

Kitinda akageuza uso ukutani. Kisha akasema, sauti haizidi pumzi.

"Siku moja nilikuwa nahangaika na ile cherehani. Uzi unakatika, unakatika. Nikalia. Nikasema, mama, laiti ungekuwapo unifundishe. Basi nikasikia nyuma yangu: nipo. Niligeuka, nikamwona. Nilifurahi, dada. Sikuogopa hata kidogo."

"Kwa hiyo ukanificha."

"Yule si mama."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Alishika mkasi kwa mkono gani?"

Karani alikuwa ameona futi, si mkasi.

"Mama alikuwa mashoto," Kitinda akasema. "Umesahau? Mkasi wake wa kushoto ulikuwa hautukubali sisi, tunaung'ang'ania haukati, yeye anacheka. Huyu anakata kwa kulia. Nami nilichukua miezi kuliona hilo. Mimi ni mjinga, lakini wewe... wewe ndiye uliyekuwa ukijisifu kumjua."

Neno lile lilimchoma Karani mahali pabaya.

"Ni uchoyo tu huo," akasema. "Unataka uwe naye peke yako. Kama si mama, mbona hujamfukuza?"

Kitinda akatabasamu kidogo, tabasamu la aibu.

"Akiondoka mikono yangu itasahau kila kitu. Halafu... yeye hunisifu, dada. Kila nikimaliza mwanasesere, ananishika kichwa, anasema hakuna anayenishinda. Nyumbani kwetu ulisifiwa wewe tu. Mimi nilikuwa naokota sindano zako." Akashika mkono wa dada yake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama njiti. "Limebaki mikono tu, lile gauni. Akimaliza nitalivaa. Najua nitakwenda wapi nalo. Nisaidie."

Akampa ufunguo, amletee nguo za kubadili.

Karani aliomba ruhusa, akatoka kazini mapema. Kwa mdogo wake alichukua kanzu ya kulalia, taulo na malapa. Kisha akasimama mbele ya cherehani. Kwenye mwanga wa mchana ilikuwa chombo kikuukuu tu, rangi imebambuka, mkono wake wa kuzungushia umesuguliwa na viganja vya mama hadi unang'aa. Akaibeba. Na lile gauni jeupe akalikunja, akalitia chini ya taulo.

Dereva wa teksi akamsaidia kuiteremsha. "Unaanza ushonaji, mama?" akauliza.

"Ni ya urithi," Karani akajibu.

Alijiambia anamwokoa mdogo wake. Ulikuwa ukweli, ila ukweli wa nusu, na nusu ya pili alikuwa hataki kuitazama. Alimpelekea mgonjwa nguo zake, akamwambia tulia, kuhusu cherehani hakusema neno. Akarudi nyumbani, akaiweka mezani karibu na dirisha, akaitia mafuta, akatandika gauni chini ya sindano. Akaoga. Akavaa vizuri. Akakaa kusubiri, kama mwari anayesubiri kuposwa.

Jua likazama.

Kimya.

Mtaani mtu alifunga geti. Mahali fulani maji yalikuwa yakidondoka ndani ya ndoo. Karani alisubiri hadi vitu vya chumbani vikapoteza rangi.

"Mama," akaita.

Kimya.

"Mama, ni mimi. Mkubwa wako." Akaligusa gauni. "Nilikufulia nguo zako. Nilikulisha kwa kijiko. Yeye alikuja mara ngapi? Nilikosa nini, mama? Basi nipime mimi."

Ile harufu ikaja kwanza. Mafuta ya mashine. Sabuni. Nguo mbichi.

"Nilikuwa nakungoja uniite," sauti ikasema, karibu kabisa na sikio lake.

Hakugeuka. Hakuweza.

"Simama, mwanangu. Simama vizuri nikupime."

Akasimama. Futi ikampita kiunoni, baridi, kama mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo. Ikapanda kifuani, ikazunguka shingo, ikatulia hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha mkono wenye mishipa ukainyanyua kutoka kwenye kiti foronya yake ya mawaridi, pacha wa ile ya Shangazi. Kidole kikatembea juu ya kila ua, taratibu, bila kuruka hata moja.

"Kazi nzuri hii," sauti ikasema. "Nzuri mno. Hakuna anayekushinda."

Karani akalia. Alilia kama hakuwahi kulia msibani. Na kupitia machozi yale akaona mkasi ukinyanyuliwa kutoka mezani.

Kwa mkono wa kulia.

Aliona. Aliona vizuri kabisa.

Akafumba macho.

Kitinda alipata nafuu, na kwa haraka iliyomshangaza daktari. Siku ya tatu aliomba chakula, wiki ya pili blauzi zikaanza kumkaa. Mumewe aliporudi safarini alisema mke wake amenawiri. Kuhusu cherehani, Kitinda alidhani dada yake ameiuza, akapumua. Lakini siku moja Kitinda alikaa na kitambaa na sindano ya mkono, akajaribu kumfanya mwanasesere. Kikatoka kifuko chenye macho mawili yasiyolingana. Akakitazama muda mrefu, akakitupa jikoni kwenye moto.

Wanasesere wa Karani ndio waliozungumziwa sasa. Alianza nao wiki ileile. Shangazi aliletewa mmoja, bibi aliyeketi na mikono mapajani, akamgeuza huku na huku. Mwishoni akasema, "Nilikosea. Mkono wa mama yenu uko kwako." Karani akainamisha kichwa kwa adabu. Saa yake ilikuwa imeshuka mkononi hadi kwenye vidole. Kazini kila asubuhi aliipita mizani kwa mbali, kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa.

Kitinda alielewa alipouona mkono ule uliokonda. Jioni hiyohiyo akaja kugonga.

"Dada! Fungua! Yule si mama, dada, nilikwambia!"

Karani hakuitika. Kitinda alikuja kesho yake, na kesho kutwa, kila magharibi. Alilia. Alitishia kumleta mumewe na nyundo wavunje mlango. Majirani wakasema ndio undugu huo, damu nzito kuliko maji, tazama anavyompigania dada yake. Ndani, Karani alisimama ametanua mikono, akaisikiliza sauti ile ya nje huku futi ikimzunguka. Gauni lilikuwa limeshatiwa ndani mara tano. Mkono wake mmoja ulikwishashonwa.

Kisha ikaja jioni ambayo mlango haukugongwa kwa nguvu.

Uligongwa kidogo tu, kwa ukucha.

"Dada?" Kitinda akasema. Alikuwa amepiga magoti, maana sauti ilitokea chini, kwenye tundu la ufunguo. Iliposikika tena haikuwa ya kugomba wala ya kulia. Ilikuwa ya mtoto aliyeachwa nje wenzake wakicheza.

"Mama... Na mimi je?"

Futi ikasimama kiunoni mwa Karani. Cherehani ikanyamaza, mara ya kwanza tangu jua lizame. Aliyekuwa ameinama akainua kichwa, polepole, akaugeuzia mlango uso ambao Karani hakuwahi kuthubutu kuutazama.

Karani alimwahi kabla hajainuka. Kwa miguu iliyobaki mifupa alikwenda mlangoni, akashika komeo la juu ambalo hakuwahi kulitumia, akalisukuma hadi likaingia lote. Akasikiliza. Upande wa pili mdogo wake alikuwa akipumua, kinywa kikigusa mbao.

Akarudi mahali pake, akatanua mikono.

"Endelea, mama," akasema. "Hakuna mtu."