Hodi Kutoka Chumba cha Ndani

Nyumba ya kununua haikaguliwi asubuhi. Asubuhi kila nyumba ni nzuri, kama bwana harusi. Nenda jua linapozama, watu wamerudi kutoka makazini. Hapo ndipo utajua kama maji yanapanda ghorofani, jirani gani anagombana na mkewe, na choo cha nani kinavujia dari ya nani. Ndivyo nilivyomwambia kitinda mimba wangu, na ndiyo maana tulizipanda ngazi zile magharibi ikiingia, mimi nimeshika ukuta, magoti yakinitukana.

Binti yangu anakaa mapokezi kwenye zahanati. Tangu aanze kazi amepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba wake humkagua mpaka masufuria. Fleti hii aliipenda kabla hajaiona. Kesho yake alikuwa aweke sahihi.

"Mama, leo usimtukane dalali," akaninong'oneza.

"Simtukani. Namuuliza tu."

Dalali alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, ananukia sabuni. Akafungua mlango, akasogea pembeni, akabaki koridoni.

"Ingieni tu," akasema.

"Na wewe?"

"Viatu vyangu vina tope, bibi."

Nikavitazama. Viling'aa kama kioo, ungeweza kujichania nywele humo.

Kuna jingine lilinikera. Madalali nimezunguka nao sana, na midomo yao imejaa karibu. Karibu sebuleni, karibu jikoni, karibuni mjionee. Huyu neno hilo hakulitoa hata kwa bahati mbaya. Mtu gani anauza nyumba na hakaribishi wanunuzi?

Sebule ilikuwa safi mno. Nikafungua bomba la jikoni, maji yakaja kwa nguvu. Nikagonga kuta. Nikakagua pembe za dari kama zina unyevu. Bafuni nikamwaga kikombe cha maji sakafuni nione kama yanaelekea kwenye tundu. Yakaelekea, bila ubishi.

Kasoro hakuna. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mbona anauza rahisi hivi?" nikauliza.

"Mwenyewe amechoka, bibi."

"Amechoshwa na nini?"

Akatazama saa yake.

Halafu ile harufu...

Udongo. Udongo mbichi, kama uliochimbwa sasa hivi. Na sisi tuko ghorofa ya juu kabisa. Ilitoka chumba cha ndani, mwisho wa ujia. Nikashika kitasa. Kilikuwa cha baridi, na mlango haukufunguka.

"Humu mna nini?"

"Vitu vya mwenyewe," dalali akajibu kutoka kule kule nje.

Nikageuka nimwambie mwanangu twende. Alikuwa dirishani, kanipa mgongo, anapima kwa viganja pazia liwe refu kiasi gani.

Ngo... ngo... ngo.

Si mlango wa nje. Dalali alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni, macho chini.

Chumba cha ndani.

"Hodi..."

Sauti ya chini, ya adabu. Sikujua ni ya mwanamume au mwanamke. Maishani mwangu nimezoea watu kubisha hodi ili waingie. Sikuwahi kumsikia anayebisha ili atoke.

"Hodi..."

Nilitaka kumziba mwanangu mdomo, lakini yeye yuko kule dirishani, mimi huku ujiani. Na mtu wa mapokezi anaitikia hodi kutwa nzima, neno karibu linamtoka kama pumzi. Hata hakugeuka. Akili yake ilikuwa kwenye pazia.

"Karibu," akasema.



Kitasa kikazunguka... polepole.

Mlango ukaachia upenyo. Sikuona kitu. Narudia, sikuona kitu, asije mtu akanisingizia kuwa niliona pembe na kwato. Nilihisi tu ile harufu ikinipita begani, ikaniepuka kama mtu anavyompisha mzee njiani, ikaelekea sebuleni.

Binti yangu akapiga mwayo mrefu.

"Umemkaribisha nani?" nikamuuliza.

"Si jirani huyo?"

Dalali akashusha pumzi. Ndipo akaingia ndani, na viatu vyake vile vile.

"Hongera, dada," akasema. "Nyumba imepata mwenyewe."

Nilimkokota mwanangu hadi nje. Ghorofa ya chini yake, mwanamke aliyekuwa akianua nguo alituangalia, akanisogelea sikioni.

"Nani kamkaribisha?"

"Huyu wangu. Ni nini kile, mama?"

"Sisi tunawasikia tu wakizungumza, yeye na mwenye nyumba. Aliyehama alimkaribisha hivyo hivyo, na hakupata kuachwa huru mpaka mwingine amkaribishe." Akatazama juu ya ngazi. "Ubaya hana. Ila hapendi kuachwa."

Akaingia kwake, akafunga komeo.

Usiku ule nilisema mpaka koo likakauka. Mwanangu akaniambia mimi namshuku hata mhubiri. Kesho yake akaweka sahihi.

Sasa anakaa huko. Amenenepa, ngozi inang'aa, hakuna anayemkagua masufuria. Mimi sipandi. Ananishukia, tunakaa kwenye benchi la getini, namsihi arudi kwangu, naye anacheka. Juzi aliinuka soda yake haijafika nusu.

"Ngoja nipande, mama. Hapendi nikichelewa."

"Nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepotea.

"Anakuulizia kila siku. Anasema uhamie kwetu, utakaa peke yako mpaka lini? Kile chumba cha ndani sasa kiko wazi."

Nilifungua mdomo nimtukane, yeye na huyo wake. Badala yake nikajisikia nikiuliza, kwa sauti ya upole ambayo sijui niliitoa wapi, chumba hicho kinaingia kitanda cha ukubwa gani.