Mara Tatu kwenye Kaburi la Sidi Messaad

Bouziane hakuwa na shimo la kufanyia kazi chini ya gari. Hakuwa na jeki ya gereji, ila ile ndogo iliyokuja na gari lenyewe. Hakuwa na kibanio cha springi, akajitengenezea kwa nondo mbili na nati kubwa. Hakuwa na dira. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumshikia spana, wala fundi aliyemwamini katika mji wote wa Laghouat. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na masikio ya kusikia neno la mtu.

Gari lilikuwa basi dogo la zamani, lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia aliyoyashona mkewe. Sehemu yake ya mbele ilikuwa imechoka hata likipita kwenye kokoto linalia kama mlango wa zizi. Basi majira yote ya baridi Bouziane, karani mstaafu wa posta, alilala chali uani pake chini ya gari lililoinuliwa juu ya mawe. Alitoa springi kwa hofu, kwa maana springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja taya. Aligonga bushi za mpira zilizooza, zile zinazoshika makono ya magurudumu, zikatoka vipande vipande kama tende kavu, akatia mpya. Alibadilisha boljointi, vile vifundo vya magurudumu, na shokapu. Kila boliti aliikaza palepale, magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, kwa kuwa hapo ndipo mkono wake ulipofika vizuri.

Mkewe Zoulikha, fundi cherehani, alisimama na sinia la kahawa akimtazama.

"Baba Yamina, si ulishushe kwanza lisimame kwa miguu yake ndipo ukaze? Mimi suruali siibani kiuno mtu akiwa amelala."

"Hili gari, si suruali."

"Haya. Siku likikuporomoka njiani, usiniite nije na sindano."

Alipolishusha, alifunga uzi mwekundu juu ya usukani, mahali hasa ambapo magurudumu yalitazama mbele sawasawa. Uzi ule aliuamini kuliko macho yake.

Safari ilikuwa ya kwenda In Salah. Binti yao wa pekee, Yamina, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku ya saba mtoto alitakiwa apewe jina. Yamina alikwisha kuwaambia wakwe zake waziwazi: jina litatoka kinywani mwa baba yangu, au mtoto akae bila jina.

Siku ya sita tangu mtoto azaliwe, asubuhi, walikuwa juu ya uwanda wa Tademait. Mawe meusi, madogo, yametandazwa mpaka mbingu inapoishia. Hakuna mti, hakuna kilima, hakuna hata ndege. Lami ilikuwa imefumuliwa ili itengenezwe upya, na kila dereva alijichagulia njia pembeni, kwenye changarawe. Wakafika kwenye kaburi la walii, Sidi Messaad: kuba jeupe, kibanda cha mawe, na moto mdogo ulioinjikiwa birika la chai. Mlinzi hakuonekana.

Madereva wote wa barabara ile hulizunguka kaburi hilo mara tatu kabla ya kuendelea.

"Zunguka," alisema Zoulikha.

"Tumechelewa. Na mimi sizunguki makaburi kama punda wa kisimani."

"Hata mara moja?"

"Hata nusu."

Zoulikha alishusha kioo, akalisalimia kaburi kwa sauti ya chini, akapandisha kioo.

Haukupita muda upepo ukaja. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama moshi, ukiburuta vumbi la manjano juu ya mawe, na jua likawa doa jeupe, kisha likafutika kabisa. Mwanga ukabaki umeenea kila upande sawasawa, hauna kivuli, hauna mashariki wala magharibi. Chini ya gari kitu kilianza kugonga. Ngo. Kimya. Ngo, ngo.

"Nini hicho?"

"Mawe."

Bouziane alishikilia usukani, uzi mwekundu ukiwa juu, wima. Usukani ulimvuta kidogo mkononi, naye akaubana hapohapo. Madhali uzi ulikuwa wima, gari lilikwenda mbele. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, polepole, wakitazama ukungu wa vumbi.

Halafu kuba jeupe likatokea mbele yao.

Moto ulikuwa unawaka. Birika lilikuwa linatoa mvuke. Hakuna mtu.

"Hili kaburi jingine," alisema Bouziane.

Zoulikha alinyoosha kidole. Kwenye mchanga mbele ya kibanda zilikuwapo alama za magurudumu yao wenyewe. Waliita, wakapiga honi. Vumbi liliimeza sauti mara moja, kama vile mtu ameifunika na blanketi.

"Tusubiri hapa," alisema Zoulikha. "Penye chai pana mwenyewe."

"Kesho mtoto anapewa jina. Nilikosea kidogo tu. Sasa nanyoosha."

Akanyoosha, uzi ukiwa wima. Kugonga chini kukazidi. Nyuma kitu kilipasuka, na Zoulikha alipogeuka aliona dumu kubwa la maji limepigwa na mtikisiko hata likachanika chini, na zulia limeshakunywa karibu yote. Aliokoa maji ya kujaa sufuria moja, akaipakata mapajani.

"Rejeta itataka maji," alisema Bouziane.

"Rejeta haina koo."

Kuba likatokea tena. Safari hii Bouziane aliteremka atazame alama za magurudumu, akainama, akabaki ameinama. Ndani ya alama zao zilikuwamo nyayo za mtu. Miguu mitupu, vidole vimetanuka. Zilikuwa zimekanyaga juu ya alama, wala si chini yake. Zilielekea kule kule walikopita wao, zikaingia kwenye vumbi.

"Mtu anatufuata," alisema aliporudi garini.

"Basi msubiri!"

"Nani hutembea kwa miguu mitupu juu ya mawe haya?"

Aliondoa gari kwa kasi. Zoulikha alianza kusoma sura za Kurani kwa moyo. Mara mbili alidhani ameona kitu kirefu cheusi kikisimama pembeni, mkono juu. Lakini vumbi lilifunga, na Bouziane alikuwa anatazama uzi tu.

Mara ya tatu kuba liliwatokea kwa karibu kiasi kwamba nusura waligonge. Kuni zilikuwa mpya motoni. Kando ya birika palikuwa na glasi moja, imemiminwa chai, povu bado limesimama juu yake.

Bouziane hakuzima hata injini. Alikata kona kwa nguvu, na hapo gari likapiga yowe. Upande wa kushoto wa mbele ukaanguka. Walikwaruza mawe, wakasimama, pua imezama chini, kuba limeshapotea nyuma yao.

Alitia jeki. Mawe yaliteleza, jeki ikalala, na mkono wake wa kushoto ukabanwa kati ya gurudumu na bodi. Zoulikha alilala kifudifudi, akachimba kwa kijiko cha kupakulia mpaka jiwe moja likalegea na mkono ukatoka, vidole viwili vimepasuka hadi mfupa. Alichana pazia, akafunga.

"Kunywa."

"Wewe kwanza."

"Kunywa, mwanamume! Damu yako ndiyo imemwagika, si yangu."

Alikunywa. Kisha, akiwa amelala ubavu, aliona chini ya gari. Bushi za kushoto zilikuwa zimesokoteka na kukatika. Kono la chini lilikuwa limerudi nyuma, boljointi imechomoka, na kabla ya kuchomoka gurudumu lilikuwa likitazama kushoto muda wote huo, huku uzi wake mwekundu ukisimama wima. Mpira wa bushi uliokazwa magurudumu yakining'inia ulikuwa umejipinda tangu siku ile gari liliposhuka chini uani. Ulijipinda mpaka ukachoka.

"Mama Yamina," alisema. "Suruali."

"Najua."

"Ulisema."

"Nyamaza, tunza mate."

Ndipo waliposikia nyayo. Hazikuwa za haraka. Changarawe ililia, ikanyamaza, ikalia. Zoulikha alishika kijiko kama panga. Kwenye vumbi kikatokea kitu kirefu cheusi, kikawa mtu, kikawa mzee mwenye kiriba cha maji begani na ndala zake mkononi.

"Hatimaye mmesimama!" alisema, akihema. "Laana ya shetani! Tangu asubuhi nawafukuza. Nikikaribia, mnakimbia. Ndala zimekatika zote mbili. Mnafanya mashindano?"

Alikuwa Ba Mabrouk, mlinzi wa kaburi. Asubuhi alikuwa ameusikia mlio wa gari ukizunguka ndani ya vumbi, akajua kuna mtu amepotea.

"Mbona hamkungoja palipo na moto?" aliuliza akimnywesha Zoulikha.

Zoulikha alimtazama mumewe. "Aliogopa chai yako."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Aliwaongoza kwa miguu, na kuba halikuwa mbali. Chai ilikuwa ya moto. Walikunywa mpaka birika likakauka.

"Unaishi na nani hapa, Ba Mabrouk?"

"Mimi na Sidi," alisema mzee, akielekeza kidevu kwenye kaburi. "Nani mwingine angekaa huku?"

Asubuhi iliyofuata upepo ulitulia, na lori la ngano likaja. Dereva, kijana aliyeitwa Tayeb, alikubali kuwachukua.

"Zunguka mara tatu," Bouziane alimwambia kijana.

"Najua, mzee. Wewe hukuzunguka jana?"

"Tulizunguka," alisema Zoulikha, "tena kwa ukamilifu."

Walifika In Salah siku ya saba, jua linaelekea kuzama. Kondoo alikuwa ameshachinjwa, wakwe wamenuna, mtoto hana jina. Yamina aliuona mkono wa baba yake akaanza kulia. Bouziane alimpokea mtoto kwa mkono mzima, akafungua kinywa, akakifunga.

"Mama Yamina, wewe unasemaje?"

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumuuliza hivyo mbele za watu. Zoulikha aliinama amtazame mtoto.

"Messaouda," alisema.

"Messaouda," alisema Bouziane sikioni mwa mtoto.

Kesho yake Tayeb alikuwa anarudi kaskazini. Bouziane alikaa mezani, mkono umefungwa, akaandika kwa mwandiko wake wa posta. Alimshukuru Ba Mabrouk, akamwomba alitazame gari mpaka aje na bushi mpya, akamtumia na ndala. Kisha kalamu ikasimama.

"Anasema aliondoka asubuhi kutufuata, hakurudi mpaka alipotuleta," alisema. "Zile kuni mpya, Zoulikha. Ile glasi. Nimuulize nani aliyeviweka?"

Zoulikha alikuwa anashona nguo ya mtoto. Hakuinua kichwa.

"Utamuuliza mtu anayelala pale peke yake?"

Bouziane aliandika mstari mmoja tu wa mwisho: *Nisalimie na mwenzako, umwambie chai yake nilikuwa nimeikataa bila adabu.* Alikunja karatasi, akaitia bahashani, akalamba gundi, akaibonyeza kwa dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni, kama alivyofanya maisha yake yote, akatoka nje kumpa Tayeb, ambaye injini yake ilikuwa imeshawaka.