Marudio ya Mwashilindi

"Namba Sita, hapa Benchi. Unaona nini?"

Nyamizi aliinamia beseni la karanga, akanong'onea kipaza sauti kilichoshonwa ndani ya kola ya gauni.

"Naona watu wanaangalia mpira."

"Acha utani. Mabegi je?"

"Ni ya waandishi wa habari. Mbwa wenu wameyanusa mpaka wamechoka. Mmoja kalala nyuma ya goli."

Uwanja wa Shinyanga ulikuwa umefurika. Ilikuwa mechi ya kirafiki, ya marudio, timu ya mkoa na wageni kutoka nchi jirani. Yote hayo kupasha misuli kwa ajili ya Kombe la Afrika, ambalo nchi ilikuwa imepewa heshima ya kuandaa pamoja na majirani zake. Idara ya usalama ilikuwa imemwaga maofisa kila kona. Kulikuwa na wauza barafu wasiojua bei ya barafu, na mashabiki wasiojua jina la kipa wao.

Sababu ilikuwa mstari mmoja tu.

Ulinaswa kwenye simu ya setilaiti, Thuraya ya Mister Orlan, mtaalamu wa nyasi za viwanja. Idara ilimshuku kuwa ana shughuli nyingine zaidi ya nyasi. Makao makuu yakamtumia Nyamizi maandishi: *Mechi ya marudio ni leo. Ndiyo ya mwisho.*

Bomu, wakasema wakubwa. Nini tena?

Nyamizi alikuwa ameomba sauti yenyewe tangu asubuhi. Ilifika wakati wa mapumziko. Akabana kifaa sikioni.

"Marudio ni leo. Ndiyo ya mwisho."

Akairudia. Hakukuwa na neno mechi.

"Benchi. Nani kaandika mechi?"

Ilikuja sauti ya Davis, mkuu wake. "Ofisa wa kunakili. Alidhani neno limemezwa. Marudio ya nini tena kama si mechi?"

"Mkuu, umezaliwa wapi?"

"Ilala. Kwa nini?"

"Huku kwetu marudio ni mchanga. Uliosagwa, ukaoshwa dhahabu, ukatupwa. Baadaye mtu anaurudia kwa sumu, anatoa iliyobaki."

"Na Orlan anajenga uwanja Mwashilindi," Davis alisema.

Nyamizi alishaweka beseni chini.

*

Land Cruiser yake ilitoka mtaa wa Ngokolo kama imefukuzwa. Glock 19 ilikuwa chini ya kiti, redio ya Motorola kifuani.

Aliijua Mwashilindi. Alizaliwa pale, ng'ambo ya mgodi wa Buzwagi, kwenye nyumba ya tope iliyotazamana na uwanja wa kijiji. Uwanja ule ulikuwa tambarare kama meza, na haukuwahi kuota hata unyasi mmoja. Watoto walicheza mpira pale, wakarudi na miguu myeupe. Wazee walisema Mwingereza alikuwa na mgodi hapo zamani, akaacha vilima vya mchanga wake, vilima vikasawazishwa. Basi. Nani angeuliza zaidi?

Halafu akaja mtaalamu wa nyasi, katika wilaya nzima yenye mabonde ya majani, akachagua mahali pasipoota nyasi.

Na hakuna ofisi iliyoshangaa.

Watu wa Mwashilindi wanajua kuhamishwa. Mwaka sabini na nne waliambiwa wahame wakakae pamoja, maendeleo yanakuja. Wakahama. Baadaye wakaambiwa wasogee, mgodi unakuja. Wakasogea. Safari hii wakaambiwa wapishe mpira: timu za Afrika zitafanya mazoezi hapa, mtauza chai kwa Wamisri. Mama yake, Mama Nyamizi, aliyatoa mashamba yake ya mpunga kwa ahadi moja, iliyosemwa na mkubwa mmoja kwa kipaza sauti mbele ya kijiji kizima. Uwanja usipojengwa, kila mtu anarudishiwa shamba lake.

Nyamizi alikuwepo. Alipiga makofi.

Mama yake sasa alikuwa anapanga chumba kwa watu, akinunua mchele dukani. Mwanamke aliyelisha kijiji mchele.

Simu ikaita. Ilikuwa ya mama yake.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba ng'wanone, mwanangu. Uko kwenye gari? Mbona kelele?"

"Niko kazini. Malori ya Mister Orlan yapo hapo?"

"Yameondoka sasa hivi, mawili. Yamebeba mbolea. Na yale matangi ya maji ya nyasi wameyafungua, maji yanakwenda mtoni. Ng'ombe wa Masalu wamekunywa, wamelala, hawaamki."

"Watu wasiyaguse. Ni sumu."

"Tumeshaona kwa ng'ombe," mama alisema. "Hivi uwanja ndio umekufa?"

"Umekufa, mayu."

"Basi watatupa mashamba."

Nyamizi alikanyaga mafuta. "Nikiyakamata malori, watawapa. Yakivuka mpaka hakuna ushahidi, watasema uwanja bado unajengwa mpaka wajukuu wazeeke."

*

Kahama ikapita. Akashika redio, akawaita polisi wa kizuizi cha Masumbwe.

"Afande, malori mawili aina ya Howo, yamepita?"

"Yamepita, dada. Tumeyapigia saluti."

"Mmekagua?"

"Yana stika ya Kombe. Tumeambiwa mwenye stika ya Kombe asisimamishwe. Hata wewe ukiwa nayo hatukusimamishi."

"Sina."

"Basi utasimama."

Hakusimama.

Aliyaona kabla ya Runzewe, jua likiwa bado kali, moshi wa dizeli umesimama nyuma yao kama ukuta. Howo, Howo, na mbele yao Prado nyeupe. Stika ya Kombe iling'aa nyuma ya kila gari.

Akapita la kwanza. Dereva akambana. Kioo cha pembeni kikaruka.

Akapita la pili.

Kioo cha Prado kikashuka. Mtutu ukatoka.

Risasi ya kwanza ilitoboa boneti. Ya pili ilipita sikioni kama nyuki. Nyamizi hakupunguza mwendo. Aliipiga Prado ubavuni, akaipiga tena, ikaacha lami, ikaingia kwenye shamba la mihogo na kuzima. Akakata usukani. Land Cruiser ikasimama kuikatisha barabara.

Breki za malori zililia. Bampa lilisimama hatua chache tu kutoka mlangoni mwake.

Alishuka na Glock mkononi. Dereva wa kwanza alishuka mikono juu, mtu mzima, kofia ya timu kichwani.

"Jina?"

"Donatus. Dada yangu, mimi napeleka mbolea."

"Umewahi kuona mbolea inatoka uwanjani badala ya kwenda?"

"Nimesoma kilichoandikwa kwenye mfuko."

"Fungua."

Akafungua. Ndani hakukuwa na mbolea. Ilikuwa kaboni, chenga nyeusi kama mkaa uliotwangwa, ile inayowekwa kwenye matangi ya sumu ili inyonye dhahabu ya kwenye marudio. Donatus aliichota, akaiangalia, akaiachia ianguke.

"Mungu wangu. Na mimi wananilipa kwa tripu."

Nyuma yao mihogo ilivunjika. Mister Orlan alitoka shambani akichechemea, bastola ya Beretta mkononi. Mlinzi wake Makoye alibaki kwenye Prado akigugumia.

"Bi Nyamizi," alisema kwa Kiswahili safi. "Nakukumbuka, ulipiga makofi mkutanoni. Nyasi zinataka subira."

"Mwashilindi haijaota nyasi tangu enzi za bibi yangu. Mtaalamu ungeona siku ya kwanza."

"Niliona siku ya kwanza." Akatabasamu. "Wakubwa zako pia waliona. Mimi niliomba kiwanja, wao wakanipa kwa sherehe na ngoma."

Mkono wake ulipanda.

Glock ilibweka mara moja. Beretta ikaruka, Orlan akapiga magoti akikumbatia kiganja chake. Nyamizi akamfunga pingu, taratibu, bila chuki usoni.

"Unadhani ukiyarudisha haya mama yako atapewa shamba lake?" Orlan alisema akisaga meno. "Uliza kwanza."

Akabonyeza redio.

"Benchi, hapa Namba Sita. Malori mawili mkononi, Runzewe. Hakuna kilichovuka."

*

Davis alikuja Mwashilindi wiki ile ile, kwenye msafara wa magari yanayong'aa. Orlan alikuwa rumande, picha yake kwenye kila gazeti. Mabomba ya sumu yalikuwa yamefungwa. Njama ilikuwa imekwisha.

Akasimama na Nyamizi ukingoni mwa shimo. Pale watoto walipopigia kona palikuwa na korongo la maji ya kijani.

"Kazi safi sana," Davis alisema. "Wamepima. Marudio yaliyobaki chini ni mengi kuliko yaliyochukuliwa. Na chini yake kuna mwamba wenyewe."

"Uwanja je?"

"Umehamishiwa mkoa mwingine. Kombe halisubiri."

"Basi wananchi warudishiwe mashamba. Waliahidiwa."

"Na nani?"

"Kwenye mkutano wa hadhara. Nilikuwepo."

"Aliyeahidi kahamishwa." Davis alishusha sauti, na aibu kidogo ilimpita usoni. "Nyamizi, wakati ule palikuwa shamba. Sasa umethibitisha ni mgodi. Leseni imeshaombwa, mwekezaji mpya yuko njiani. Uzio unaanza kesho."

"Mpaka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Shimo, mashamba, makaburi, kisima.

Mama Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yao na majirani, kanga mbili zimekazwa kiunoni, jembe begani. Alikuwa amekuja kulima. Alisikia yote.

Hakulia. Alishusha jembe, akamtazama mwanawe.

"Kumbe ungewaacha tu waibe."

"Mayu..."

"Wangemaliza, wangeondoka. Shimo lingebaki letu."

Masalu, mwenye ng'ombe waliokufa, alitema mate pembeni, akaigeuza baiskeli yake.

Motorola ikakwaruza kwa sauti ya ofisa mwingine. "Namba Sita, hapa Benchi. Kuna kazi Mwanza. Unatakiwa leo."

"Nimepokea."

Akafuta vumbi kwenye miwani ya jua, akaivaa. Akapita katikati ya majirani, na walimpisha, kama watu wanavyompisha mgeni. Nyuma yake mafundi walikuwa wameanza kushusha nguzo za uzio. Alitembea mpaka barabarani kwa mwendo ule ule aliofundishwa, wa mtu asiye na haraka, na hakuna aliyemwita arudi.