Pipa la Jumapili

Jumamosi! Ruthi aliichukia siku hiyo kuliko mtihani wa hesabu. Wenzake wa kambi ya mkonge, hapo Mwera, walicheza rede, naye alipanda na kushuka njia ya kisimani na debe kichwani kujaza pipa. Nyumbani kwao Jumapili hakuna kuteka maji wala kupasua kuni. Siku ya Bwana ni ya kupumzika na kusali.

Baba yake, Noa, fundi seremala, alitoka Nyasa na imani hiyo ya Kipresbiteri. Alipenda kueleza jinsi Yohana Kalvini alivyoifundisha zamani huko Geneva, ikaenea hadi Uskoti, wamisionari wakaifikisha Nyasa, naye akaja nayo Mwera pamoja na randa yake. "Mungu ndiye atawalaye yote," alisema kila jioni. "Huwachagua watu wake kwa neema, si kwa matendo yao. Hata tone la mvua halidondoki asipopanga."

Jumamosi moja mawingu yalitanda. Mize, binti wa jirani, akamtania, "Ruthi! Kila wiki madebe sita, kwani wewe punda?"

Ruthi akakasirika, akalibwaga debe. Kama Mungu amepanga tuwe na maji, si atalijaza pipa mwenyewe? Akalisukuma pipa chini ya ukingo wa paa, akaenda kucheza. Mvua haikunyesha.

Asubuhi ya Jumapili mdogo wake, Timotheo, aliamka mwili unachemka kwa homa, analilia maji. Mama akachungulia pipa.

"Lo! Ruthi! Ajizi nyumba ya njaa, na leo ni ya kiu!"

Ruthi akakimbilia kwa kina Mize. Mlango umefungwa, na milango mingine pia; kambi nzima imekwenda harusini Kigombe.

"Baba, niende kisimani?"

"Leo?" Noa alishika kichwa. "Tangu nizaliwe sijateka maji siku ya Bwana!" Akaketi, akasimama, akaketi tena. Ruthi alitamani kupiga kelele, lakini ampigie nani, na kosa ni lake?

Ndipo akaingia Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa aliyekuja kuongoza ibada.

"Shikamoo, mzee," Ruthi alisema, kisha akamweleza yote huku akilia. "Nilingoja Mungu alijaze."

Mzee alitwaa debe, akiwa amevaa koti lake la ibada vilevile, akashika njia ya kisimani. Noa akaona haya, akamfuata mbio na debe la pili.

Timotheo alipokwisha kunywa na kukandwa kwa maji, homa ikapungua, akalala.

"Noa," alisema mzee, "kumhudumia mgonjwa hakuvunji siku ya Bwana. Katekisimu yetu yasema hivyo, nawe umeikariri." Akamgeukia Ruthi. "Nawe mjukuu wangu, wokovu ni kazi ya Mungu, hatuupati kwa jasho letu. Lakini yeye aliyepanga Timotheo apate maji, alipanga pia mtu wa kuyateka. Mtu huyo ulikuwa wewe."

Jumamosi iliyofuata mawingu yalitanda tena, na Mize akaita tena. Ruthi hakutazama juu. Alikuwa na debe la nne kichwani, ananung'unika njia nzima, na pipa linajaa.