Gita la Kitanda cha Cosmas

Haya yalimpata Garikai, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Chitungwiza. Tulimaliza chuo kikuu mwaka mmoja, na hadi leo vyeti vyetu vinakula vumbi kabatini. Mengi kanisimulia mwenyewe, machache niliyaona kwa macho haya.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua la kawaida, kina mama wanaanika nguo. Garikai alikuwa uani, kakalia kreti ya bia, anakata ubao kwa msumeno. Ufundi wote aliokuwa nao kaupata kwenye video za simu, zile za watu wenye gereji kubwa kuliko nyumba yetu na yao tukiziunganisha. Yeye alikuwa na msumeno, patasi moja, na hasira ya miaka minne ya kupeleka sivii kwa watu wasiojibu.

Sasa kazi ilikuwa imebisha hodi yenyewe. Jairosi, mwenye bendi inayopiga kwenye baa ya stendi kila Jumamosi alasiri, alimwambia hivi: "Nafasi ya gita ipo, dogo. Ila uje na gita lako, la bendi limekufa. Jumamosi usipotokea nalo, nyuma yako kuna vijana kumi."

Gita la dukani halipatikani kwa mtu anayekula sadza, ugali wa huku, mezani kwa baba yake. Garikai akaamua kulitengeneza. Funguo za nyuzi na sumaku za kunasia sauti alizing'oa kwenye gita bovu la soko la Mbare. Ubao aliukuta nyumbani, baba yake akiwa kasafiri kikazi hadi mwisho wa wiki: ubao wa kichwani wa kitanda cha baba yake mdogo, Cosmas. Mninga mtupu, mkavu kama mfupa.

Cosmas aliuawa miaka miwili nyuma, akakutwa nyuma ya nyumba hiyohiyo, kichwa kimepasuliwa kwa mapigo matatu. Muuaji hakujulikana.

Ubao ulipofika nusu, shangazi yake, tete Sekesai, akaingia uani. Alisimama kwanza bila salamu.

"Garikai. Hicho kitanda cha nani?"

"Cha baba mdogo, tete. Halali tena."

"Vitu vya marehemu havijagawanywa. Hata kijiko chake hakiguswi mpaka ukoo ukae, pombe inywewe, naye mwenyewe aambiwe."

"Ukoo utakaa lini? Kila mwaka baba anasema mwakani. Utadhani serikali inatuahidi ajira."

Tete hakucheka. Alisogea karibu, akanong'ona.

"Wewe msomi, ushawahi kujiuliza kwa nini baba yako anasema mwakani?"

Akaondoka bila hata kunywa maji.

Jumanne Garikai alichimba mashimo ya kukalia sumaku. Patasi ilipozama, ubao ukatoa utomvu mwekundu. Hakushtuka. Kila mtu huku anajua mninga hutoka damu. Asichokijua mwanafunzi wa simu ni kwamba hutoka ukiwa mbichi tu, na ule ulikatwa kabla yeye hajazaliwa. Aliufuta kwa fulana akaendelea. Ulikuwa na joto kama la mate.

Jumatano ikaja shingo ya gita. Alifunga nyuzi mbili za kujaribia, shingo ikajikunja kama upinde. Simu ikamwambia kosa lake: shingo inataka uti wa mgongo, fimbo ya chuma iliyozikwa ndani yake, la sivyo nyuzi zitaivunja. Madukani hakuna aliyeijua fimbo hiyo. Akapanda darini kupekua.

Juu ya chumba cha baba yake alikuta kipande cha nondo nyembamba, urefu wa mkono, kimeviringishwa ndani ya ovaroli kuukuu na kukazwa kwa waya. Upande mmoja kilikuwa na kutu nene, nyeusi, iliyoganda kama ukoko wa sufuria. Akakisugua kwa msasa mpaka king'ae. Digrii nzima ya takwimu, na hakupiga hesabu ya mtu kuvisha nondo nguo na kuilaza darini.

Akachimba mfereji kwenye shingo, akailaza nondo humo, akamwaga gundi, akafunika kwa kipande cha ubao uleule. Shingo ikanyooka. Haijawahi kunyooka shingo vile.

Alhamisi saa nane mchana umeme ulirudi. Garikai akachomeka waya kwenye spika, akagusa uzi wa kwanza.

Haikutoka sauti ya uzi. Ilitoka pumzi. Pumzi ya mtu aliyekimbia mno, kisha maneno mawili.

"Kaka, basi."

Akadhani ni redio imenaswa. Akakagua waya wa ethi, ule wa ardhini, uko sawa. Akachomoa gita, akachomoa na spika ukutani. Taa yake nyekundu ikazimika.

"Kaka, basi."

Uzi ukakatika wenyewe. Ukamchapa shavuni na kulifungua kama bahasha, meno ya ndani yakaona jua.

Tete Sekesai ndiye aliyemshona, kwa sindano ya nguo na konyagi. Alikuwa bado ana uzi mkononi spika iliposema tena. Sindano ikamdondoka.

"Hiyo sauti ya Cosmas," alinong'ona. "Umetia nini humo?"

"Nondo. Niliikuta darini, juu ya chumba cha baba."

Tete akakaa chini, palepale kwenye simenti.

"Ing'oe, mwanangu. Leo hii. Ubao ni wa aliyeuawa, chuma ni cha aliyeua, na wewe umewagandisha kwa gundi. Baba yako akirudi akalikuta, nitakuwa nimebaki bila kaka hata mmoja."

Garikai aliliangalia lile gita. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Akaiangalia na Jumamosi.

"Kesho kutwa tu, tete. Nikishapiga, Jumapili nalivunja mbele yako. Siku mbili."

"Marehemu hana kalenda."

Hakuling'oa. Miaka minne ya njaa humfanya mtu aombe siku mbili hata kwa maiti.

Ijumaa baba yake alirudi mapema, saa sita. Gita lilikuwa mezani uani. Mzee akautambua ubao, lakini hakugomba. Alipitisha kidole shingoni, taratibu, kama anatafuta mfupa.

"Ndani umetia nini?"

Spika ilikuwa imelala pembeni, waya wake umesokotwa juu yake.

"Kaka, basi."

Mzee akashika shoka la kuni.

Pigo la kwanza lilitua katikati ya ubao. Ubao haukukwaruzika. Kichwa cha mzee kikafunguka juu ya sikio.

Hakuanguka. Alinyanyua tena. Garikai akamrukia, akamng'ang'ania mkono kwa uzito wake wote. Mkono ukapanda naye. Miguu yake ikaacha ardhi.

"Baba, wacha."

"Siwezi," mzee alinong'ona. Damu ilimjaa jichoni. "Mkono si wangu."

La pili. Fuvu lilisikika hadi kwetu. Ndipo niliporuka ukuta.

Nilimkuta mzee kapiga magoti. Bado amelishika shoka. Bado linapanda. Midomo yake ilisema, "Cosmas, basi." Spika ilicheka kidogo, kama mtu anayesafisha koo.

La tatu.

Shoka nililiokota mimi. Lilikuwa kavu. Halikuwa na tone.

Tete alimfunga maiti kichwa kwa mikono yake: kitambaa cheupe, pindo la buluu, vifundo vitatu. Jumamosi tulimsafirisha Buhera, kijijini kwao. Saa kumi alasiri tukamshusha kaburini, na gita likatangulia chini ya jeneza, tete kaamuru. Garikai alirusha udongo hadi viganja vikachubuka.

Jumatatu Jairosi akaja. Nilikuwa nimekaa na Garikai mlangoni.

"Nimesikia leo kwamba baba yako amezikwa Jumamosi. Pole sana, dogo. Ila una roho ngumu. Unapigaje vile siku ya kumzika mzazi?"

"Kupiga wapi?" Garikai aliuliza.

"Usinitanie. Saa kumi mpaka jua linazama. Watu wamekataa kukaa kwenye viti. Ila siku nyingine geuka basi, muda wote unatupa mgongo tu."

Garikai alinitazama.

"Na yule mzee uliyekuja naye, mbona hukumpa hata soda? Kakaa nyuma ya ngoma, kashika kichwa. Kila ukigusa uzi analia, 'Cosmas, basi.' Wateja wakadhani ni sehemu ya wimbo." Akacheka, akaacha. "Basi, kazi umepata, dogo. Jumamosi ni ileile."

Akaingiza mkono mfukoni.

"Halafu mpe yule mzee hiki. Alikidondosha."

Kilikuwa kitambaa cheupe, pindo la buluu. Vifundo vitatu havijafunguliwa. Jairosi alikiweka juu ya simenti, akafuta vidole kwenye suruali, na suruali ikabaki nyekundu.