Simama Mpaka Arobaini

Picha ilipokauka, Fidencio Arrieta aliona watu wawili mahali alipompiga mtu mmoja.

Aliyepigwa picha ni Melquíades, mwenye bucha la pale kona, amesimama kibarazani na aproni yake ya damu. Nyuma ya bega lake la kushoto palikuwa na mwanamke aliyejitanda shali, mikono kainyoosha mbele kama anayepapasa ukuta gizani. Fidencio aliipeleka picha dirishani akaitazama tena kwa kioo cha kukuzia. Kamera yake haikuwa na lenzi. Aliing'oa mwenyewe, akatoboa kifuniko cha mbele na kubandika hapo kipande chembamba cha madini chenye tundu la ncha ya sindano, maana alikuwa na wazimu wa kujaribu picha za tundu tangu studio yake ikose wateja. Picha za tundu hutoka na ukungu. Melquíades alikuwa na ukungu, na ukuta pia. Yule mwanamke alikuwa ametoka mkali, nyuzi za shali yake zikihesabika.

Tena tundu lile halipigi mpita njia. Kivulini linataka hesabu ya arobaini, polepole, na anayetembea hatokei kabisa. Mtu angevuka mbele yake na punda usione hata mkia. Ili utokee, lazima usimame. Basi huyu alisimama nyuma ya Melquíades hesabu nzima, na Fidencio, hatua nne mbele yao, akihesabu kwa sauti, hakumwona.

"Obdulia! Hebu njoo."

"Naja, mzee."

Ndivyo alivyokuwa akiitika mkewe kwa miaka thelathini, kwa sauti ile ile, awe anachoma tortilla au anatarizi. Obdulia alikuwa mtarizi. Nguo za mezani, mavazi ya maharusi, mashuka ya altare, vyote vilipita mikononi mwake, na macho yake ndiyo yaliyokuwa jembe la nyumba ile. Aliinamia picha.

"Huyu mama ni nani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Na mbona jicho la kompadre limetoboka?"

Kweli, katika jicho la kushoto la Melquíades palikuwa na kitone cheusi, kidogo kama tundu la sindano.

"Vumbi hilo," Fidencio alisema.

"Vumbi limejua kuchagua mahali," Obdulia akamjibu, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ukelele ulitoka buchani. Fidencio alikimbia, kwa sababu Melquíades ndiye aliyembatizia binti yake na tangu hapo waliitana kompadre, wakawa kama ndugu. Alimkuta sakafuni, nusu ya nguruwe imemwangukia mapajani. Kulabu ya kutundikia nyama ilikuwa imezama katika jicho la kushoto, nayo bado imefungwa kwenye mnyororo, hata kila alipojivuta mnyororo ulimvuta. Ilibidi Fidencio akate mnyororo kwa shoka la mifupa, pigo baada ya pigo, na kila pigo rafiki yake akinguruma.

"Nimesukumwa, kompadre," Melquíades alinong'ona walipomlaza kwenye gari. "Mikono ya mwanamke. Ya baridi. Alinishika kisogo akanisukuma."

Bucha zima lilinuka nta, kama pale mshumaa unapozimwa sasa hivi. Na hapakuwa na mshumaa.

Fidencio alirudi nyumbani. Kwenye mkanda ule ule wa filamu mlikuwa na picha nyingine ambayo hakuwa ameisafisha kwenye karatasi. Ilikuwa ya Obdulia, ya Jumapili, ameketi uani na fremu yake ya kutarizi. Alijifungia bafuni alikokuwa na beseni zake za dawa, akawasha taa nyekundu, akatazama mkewe akijitokeza polepole ndani ya maji. Mwanamke wa shali alikuwa amemwinamia kwa nyuma na kumshika mashavu. Macho yote mawili ya Obdulia yalikuwa na vitone.

Hakumwonyesha. Alimkuta amesimama kando ya kitanda, mkono kifuani, mahali alipotaka kujinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana. Sindano zake zote, zaidi ya thelathini, zilikuwa zimechomekwa ndani ya mto kwa kinyume, ncha juu, pale hasa ambapo uso wake ungelala.

"Nimeuwahi kwa sababu nilitaka kugeuza foronya," alisema. "Fidencio, umefanya nini?"

Akamwambia. Wakatoka wote wawili kwenda kwa Doña Tránsito, mtunza kanisa dogo la Mtakatifu Lusia, ambaye pia huwasafisha watu kwa yai na matawi ya mruda. Kuta za kanisa lile zimejaa vijipande vya fedha, miguu, mioyo, na zaidi ya vyote macho, maana anayeponywa hulipa nadhiri yake kwa kutundika sanamu ya kilichopona. Fidencio alimwekea Doña Tránsito mezani kile kipande alichokibandua kwenye kamera. Kilikuwa jicho la fedha, limetobolewa katikati ya mboni.

"Bati la kopo lilikuwa linakwaruza," Fidencio alijitetea. "Fedha ni laini, tundu linatoka safi. Na sikuling'oa, mama. Nililikuta limeanguka."

"Ukalikuta limeanguka. Watu wa hapa tukikuta limeanguka, tunafanyaje?"

"Tunalitundika tena."

"Hata mtoto wa ubatizo anajua." Bibi yule hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Fidencio. "Mwenye hili hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na jini machoni. Likamtoka, likafungiwa humu, mbele ya mtakatifu. Wewe umelitobolea dirisha, kisha ukawa unawapanga watu mbele yake."

Alimpitishia Obdulia yai kichwani na usoni, akalivunja kwenye glasi ya maji. Kiini kilishuka kimebeba nukta nyeusi mbili.

"Litayachukua macho yake," alisema. "Labda mwingine ajitoe badala yake. Ajisimamishe mbele ya tundu hilo hilo, hesabu nzima, bila kutikisika, jini lipate mtu wake kamili na liridhike. Halafu nitapigilia msumari kwenye tundu. Lakini atakayeanguka kabla ya arobaini hajajitoa, amejikopesha tu. Jini litasimama mahali pake, lijaze lenyewe hesabu iliyobaki."

"Nitasimama mimi," Fidencio alisema. Obdulia alimshika mkono wa shati akalia.

Walifanya siku iliyofuata, adhuhuri. Fidencio alirudisha jicho kwenye kamera, akaifunga kwenye miguu mitatu, akaielekeza kwenye kivuli cha uani karibu na sinki la mawe la kufulia. Alimketisha Obdulia mlangoni mwa jiko, nyuma ya kamera, mgongo ukitazama ua, akamfunga macho kwa shali na kumpa mkononi waya wa kufungulia kamera.

"Bonyeza, uhesabu. Ukifika arobaini, achia. Usigeuke hata nikikuita."

"Na ukinyamaza je?"

"Usigeuke."

Alikwenda akasimama. "Haya," alisema.

"Moja," Obdulia alihesabu. "Mbili. Tatu."

Jua liliwaka juu ya ukuta na kuku walikuwa wakichakura kama kawaida. Kwenye nne kuku waliacha. Kwenye sita harufu ya nta ilimjia Fidencio puani, nzito. Kwenye nane vidole vya baridi vilimgusa kisogo, vikapanda taratibu kwenye masikio, vikaja mbele vikipapasa nyusi zake kama vipofu wanavyopapasa uso wa mgeni.

"Tisa," alisema Obdulia. "Kumi."

Vidole vikaingia, na Fidencio, aliyekuwa ameapa kwa mtakatifu na kwa kaburi la mama yake kwamba hatatikisika, aliuma ulimi mpaka damu ikamjaa kinywani, akasikia "kumi na moja," akasikia kitu kikichanika ndani ya kichwa chake mwenyewe, na magoti yakakatika, akaanguka, akaokotwa kwa nywele akabamizwa kwenye ukingo wa sinki, meno yakamwagika, akaokotwa tena akabamizwa tena, na katikati ya mapigo alikuwa akisikia sauti ya mkewe ikilia na kuhesabu, ishirini na mbili, ishirini na tatu, mwanamke aliyesikia mumewe akivunjwa nyuma yake na asigeuke kwa sababu aliambiwa asigeuke, thelathini, thelathini na moja, Fidencio naye anatambaa kwenye damu yake mbali na kamera, kucha zikikwaruza mawe, hata ikafika arobaini na kila kitu kikanyamaza.

Waya ukaachiwa. Kuku mmoja akalia.

Jioni ile ile Doña Tránsito alilipigilia jicho ukutani kwa msumari katikati ya tundu. Alipokuja hospitalini aliinama sikioni mwa Fidencio, ambaye macho yote mawili yalikuwa yameondoka na kichwa kimefungwa bandeji.

"Ulisimama mpaka mwisho?"

"Nilisimama," Fidencio alisema.

Mimi simlaumu sana. Mtu amekwisha toa macho yake, anaona haya kukiri kwamba magoti yalimwangusha. Lakini uongo ule ulikuwa wa mwizi, na siku za mwizi zinajulikana idadi yake.

Wiki tatu zilipita nyumbani bila kisa. Obdulia alitarizi kama zamani, na kila alipomsikia akitunga uzi, Fidencio alifurahi moyoni kwa kweli. Kisha asubuhi moja mkewe aliingia chumbani akinuka dawa za bafuni.

"Nimeisafisha ile picha yako," alisema, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda. "Nilitaka nione kama yule mama ametokea."

"Ametokea?"

"Hayupo. Uko peke yako." Alikuwa na furaha. "Umesimama wima, mzee. Macho mazima yote mawili, unatabasamu."

Fidencio alitafuta mkono wake juu ya shuka. Aliyetambaa hatokei.

"Nina ukungu?"

"Hata kidogo. Umetoka mkali. Naweza kuhesabu vifungo vya shati lako."

"Obdulia, sikiliza. Mimi nilianguka kwenye kumi na moja."

Nje, kutoka upande wa sinki la mawe, sauti ya Fidencio mwenyewe iliita kwa upole, ile ya kumwita mtu kwenye chakula.

"Obdulia! Hebu njoo hapa kivulini."

"Naja, mzee," Obdulia alisema, kama alivyozoea.

Fidencio alirusha mkono akashika kiti, na kiti kilikuwa kitupu, bado kina joto. Alisikia ndara za mkewe zikivuka jiko, zikashuka uani, zikasimama. Harufu ya nta ikaingia dirishani. Kisha kule nje sauti ya Fidencio mwenyewe ikaanza kuhesabu, polepole, moja, mbili, tatu.