Masikio ya Kishindo

Mtaani walimwita Kishindo, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa mpiga dramu wa bendi ya dansi. Tangu ujana wake alikuwa akikaa nyuma ya dramu zake, matoazi mawili usoni na spika kubwa mgongoni. Akianza kupiga, watu waliacha vinywaji mezani wakaenda kucheza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alishonea nyumbani. Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa binti aliyemaliza shule, msemaji sana, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Huyu alirithi mikono ya baba yake. Alifanya mazoezi na bendi, na siku baba akichoka, alishika yeye fimbo. Wa pili alikuwa kitindamimba, mtoto wa kutambaa.

Kwa muda mrefu masikio ya Kishindo yalikuwa yakilia. Mlio mwembamba, kama wa nyenje, usiokoma. Mwanzoni ulikuja baada ya kupiga muziki na kuondoka asubuhi. Baadaye haukuondoka tena. Redio aliifungulia sauti kubwa mpaka majirani wakanung'unika. Mkewe akimwambia leta ndoo, yeye aliuliza, "Ndoto gani?" Wakacheka. Walicheka kwa sababu walidhani ni jambo la kuchekesha.

Siku moja mkewe alikwenda kupeleka nguo za mteja. Chiriku alikuwa sokoni. Kishindo alikuwa ametoka mazoezini, masikio yamejaa kama yametiwa maji. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Kishindo akakaa barazani na dramu yake ndogo, akawa anakaza ngozi.

Mtoto akaamka. Akatambaa, akaanguka kutoka kitandani.

Mke wa Kishindo, akiwa bado njiani, alisikia kilio chake. Alitupa mkoba, akakimbia. Alimpita mumewe pale barazani, ameinamia dramu yake, anapiga mluzi. Chumbani alimkuta mtoto sakafuni, sauti imekauka kwa kulia, mkono umepinda.

Alirudi barazani na mtoto kifuani. "Baba Chiriku, hukusikia?"

"Kusikia nini?" Kishindo aliuliza. Kisha akamwona mtoto.

Hospitali walisema mkono umevunjika, wakaufunga plasta. Daktari alimuuliza Kishindo jinsi mtoto alivyoanguka. Kishindo alijibu jambo jingine kabisa. Daktari akauliza tena, naye akajibu tena sivyo. Yule daktari akamgeukia mke. "Mama, mtoto atapona. Sasa huyu baba mpelekeni akapimwe masikio. Chumba cha mwisho kule."

Mpimaji wa masikio alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole wa maneno. Alimweka Kishindo katika kibanda kisichopitisha sauti, akamvalisha vipokea sauti. "Kila ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza hapa."

Kishindo alikaa. Alisikia milio mizito, akabonyeza. Kisha kukawa kimya. Alingoja mlio mwingine. Kupitia kioo alimwona mpimaji akibonyeza mashine yake, na mkewe amefunika mdomo kwa kiganja, na hapo akajua kwamba milio ilikuwa inapigwa.

Alipotoka, mpimaji aliketi mbele yake, uso kwa uso, akasema taratibu. "Sauti nzito bado unazo. Zile nyembamba zimekwenda. Sauti ya mtoto, ya mwanamke, ya ndege. Umefanya kazi gani?"

"Dramu," alijibu Kishindo. "Maisha yangu yote."

"Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Ndivyo vinavyopokea sauti. Vifikirie kama majani. Ukiyakanyaga kidogo, yanalala, kisha yanasimama tena. Ndiyo maana zamani mlio ulikuwa unaondoka asubuhi. Ukiyakanyaga kila siku, yanakufa."

"Yataota tena lini?"

"Hayaoti tena, baba."

Mkewe akadakia. "Hata kwa sindano? Hata dawa ya matone?"

"Hakuna, mama. Tutamjaribishia kifaa cha kusikilizia, kimsaidie kushika maneno. Lakini kilichokufa hakirudi."

"Mimi huwa naziba kwa pamba," Kishindo alisema, kama mtu anayejitetea.

"Pamba haizuii sauti kubwa. Inakupa moyo tu."

Kishindo akainamisha kichwa. Aliona mikono yake juu ya magoti, mikono iliyolisha nyumba, na akaichukia.

Chiriku alikuwa amefika akitokea sokoni, baada ya majirani kumweleza, akasimama mlangoni na kikapu chake. Alisikia yote. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi? Nikitoka mazoezini masikio yangu yanalia mpaka nashindwa kulala."

Mama yake ilimbidi amrudilie Kishindo maneno hayo. Kishindo alimtazama binti yake. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Baba," Chiriku alisema. "Nilikuambia mara nyingi."

Hilo alilisikia. Hakuna aliyemrudilia. Alitoka nje, akaegemea ukuta, na mkewe hakumfuata.

Aliporudi, Chiriku alikuwa amekwisha kupimwa. Masikio yake yalikuwa bado mazima, lakini yameanza kuchoka. "Mlio ule ni onyo," mpimaji alisema. "Huyu tumemuwahi." Kisha akatandaza vitu mezani.

Kwanza aliinua kizibo cha sponji. "Hiki kinazuia sana, lakini watu wengi hawajui kukivaa. Osha mikono. Kisokote kiwe chembamba. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe."

Chiriku akajaribu. Kikatoka nje kama mbegu. Akajaribu tena, kikakaa, akatia na cha sikio la pili.

"Sasa funika masikio kwa viganja. Sauti yangu imebadilika sana?"

"Kidogo tu."

"Basi kimekaa. Ingebadilika sana, ungejua hakijaingia vizuri. Kikichafuka, tupa. Tatizo lake ni kwamba kinameza zaidi sauti nyembamba kuliko nzito. Muziki unakuwa kama uko chini ya blanketi. Mpiga dramu hukivua, au hupiga kwa nguvu zaidi ili ajisikie. Hapo hajajikinga."

Akachukua vizibo vingine vya mpira laini, vina tundu dogo katikati. "Hivi vina chujio. Vinapunguza sauti zote karibu sawasawa. Muziki unabaki muziki, ila umeshuka. Hivi ndivyo vya kupigia na wenzako. Vina ukubwa mbalimbali. Kisiume, wala kisilegee. Vioshe kwa maji na sabuni, vikauke."

Mwisho aliinua vifuniko vikubwa vinavyoziba sikio zima, kama vya mafundi wa mashine za mbao. "Hivi ni vya mazoezi ya peke yako. Si vile vya kusikilizia muziki. Vile ukivifungulia sana vinaongeza madhara."

"Kilicho bora ni kipi?" mke akauliza.

"Ni kile atakachokubali kukivaa mpaka wimbo uishe. Na kizibo peke yake hakitoshi. Ondoeni spika mgongoni. Pumzisheni masikio katikati ya mazoezi. Ukiona lazima upaze sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, hapo pana kelele ya kuumiza."

Kishindo aliuliza, "Na mimi nivae cha nini? Nyumba imekwisha kuungua."

Mpimaji alimsogelea. "Chumba kimoja bado, baba. Ukiendelea hivi, hata hicho kidogo unachokisikia kwa mkeo utakipoteza."

Wakachagua vya chujio, kila mmoja saizi yake, na Chiriku akaongezewa vifuniko.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa machungu. Kishindo alipiga dramu akaona kama anapiga godoro. Alitaka kuvichomoa vizibo. Akamwona Chiriku kando anamtazama, naye vyake vimo masikioni, akaviacha. Mpiga gitaa akatania, "Sikio la kufa halisikii dawa. Huyu sasa amelizika kabisa." Bendi nzima ikacheka. Kishindo aliona vinywa tu vikicheka. Chiriku ndiye aliyejibu, "Anko, mbona wewe kila ukizungumza kwenye simu mtaa mzima unasikia?"

Mpiga gitaa akarudia kukaza nyuzi zake. Wiki chache baadaye alimvuta Chiriku pembeni, akauliza vile vitu vinavaliwaje. Spika ikahamishwa. Wakaanza kupumzika katikati, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Mlio masikioni mwa Chiriku ulipungua, kisha ukaisha. Wa Kishindo ulibaki, hata baada ya kupewa kifaa cha kusikilizia, kilichomsaidia tu kushika maneno ya mtu anayemtazama. Kuna siku alikaa kitandani na kusema, "Mama Chiriku, sijui tena kimya kikoje." Mkewe alimshika mkono. Alikuwa amechoka kusema kila jambo mara mbili.

Plasta ya mtoto ilitolewa. Mkono ulikuwa sawa. Kishindo hakukaa tena na mtoto akiwa amempa mgongo. Alikaa amemwelekea, hata mtoto akiwa usingizini.

Mwaka ulipopinduka, walirudi hospitali kupimwa. Mpimaji alisema masikio ya Chiriku ni mazima. Ya Kishindo yalikuwa pale pale yalipokuwa. "Hayajashuka," alimwambia, akitamka polepole. "Ungeendelea kama zamani, yangeshuka." Mkewe alishukuru kwa niaba ya wote, kwa kuwa mumewe alikuwa anatazama sakafu.

Njiani Chiriku alizungumza mfululizo kama kawaida yake. Alikuwa akitembea kinyumenyume mbele ya baba yake, ili baba auone mdomo wake ukitamka, na mama yake akimwonya asije akajikwaa. Akafika mahali katika hadithi yake akacheka. Kishindo naye akacheka.

Kisha akasimama.

"Sikushika," alisema. "Rudia."

Chiriku akarudia tangu mwanzo.